Foleni Zilizogoma Kwisha

Tsigereda Worku alikuwa mdadisi tangu utotoni. Mama yake, kule Sebeta, alikuwa akisema kwamba siku malaika akija kumchukua, Tsige atamuuliza kwanza amepitia njia gani. Alipohamia Addis Ababa na kuajiriwa katika kampuni ndogo iliyowakumbusha kina mama chanjo za watoto kwa simu, tabia ile aliingia nayo ofisini.

Kila mji ulikuwa na foleni yake ya ujumbe. Zahanati ikimwandikisha mtoto, ujumbe unaingia kwenye foleni. Programu inauchukua, inapiga hesabu ya tarehe ya chanjo, na siku ikifika simu ya mama inalia. Taabu ni kwamba ukitaka kujua foleni ya Woliso inakwendaje, lazima ufungue mtambo wa Woliso. Ukitaka ya Jimma, ufungue wa Jimma. Tsigereda akachoka. Mwezi wa Tikimt, wa pili katika kalenda yetu, ulipofika katikati, alivuta takwimu za foleni zote hadi kwenye skrini moja, akaitundika ukutani, karibu na meza ya kahawa.

Asubuhi ya kwanza alisimama mbele yake, kikombe kikapoa mkononi. Foleni zilipanda na kushuka kama ilivyotarajiwa, lakini hakuna hata moja iliyofika sifuri. Woliso ulibaki ujumbe mmoja. Ambo, jumbe mbili. Jimma, tatu.

"Nebiyu, hebu njoo uone hii."

Nebiyu, fundi mwenzake, hakuinua hata kichwa. "Dada Tsige, ujumbe mmoja tu! Wewe ukiona nzi ukutani utataka kujua kwao ni wapi."

"Mmoja Woliso. Lakini kila mji una wake. Kwa nini?"

Aliufungua ule wa Woliso. Programu ilikuwa ikiuchukua, ikishindwa, na kuurudisha mwisho wa foleni, kisha ikiuchukua tena, mchana na usiku. Akafungua za Ambo na za Jimma: vivyo hivyo. Zahanati tofauti, wauguzi tofauti, wavulana kwa wasichana. Akaziweka jumbe hizo sambamba kwenye skrini, akazisoma neno kwa neno, mpaka macho yake yakatua kwenye tarehe za kuzaliwa. Wote walizaliwa Pagume, mwezi wetu wa kumi na tatu, ule wa siku tano unaofunga mwaka.

Nebiyu alikuja mwenyewe safari hii. Akatazama, akajishika kichwa. "Ile programu ya tarehe tulinunua nje baada ya Pasaka. Huko kwao mwaka una miezi kumi na miwili."

"Na wewe uliyeichagua, ulizaliwa huko kwao?"

"Nicheke au nilie?"

"Rekebisha kwanza."

Tsigereda mwenyewe alishika simu. Watoto wale walikuwa wamefikia wiki sita, umri wa chanjo, na mama zao hawakuwa na habari. Kwenye zahanati ya Woliso simu ilipokelewa na Sista Wagaye, muuguzi mwenye sauti nzito.

"Binti wa Pagume? Namjua, mwanangu. Mama yake alisema anangoja simu yenu. Nitampitia leo hii."

Kabla ya jua kuzama, Nebiyu alikuwa ameifundisha programu mwezi wa kumi na tatu. Wakasimama pamoja mbele ya skrini, wakaangalia namba zikishuka hadi sifuri, mji baada ya mji. Tsigereda alihisi moyo ukitulia, ingawa Jimma ilimtoa jasho, maana ilikawia.

Sista Wagaye alipiga siku ya tatu. Mtoto amechanjwa, amelia sana, amelala. Ila mama yake ananung'unika: ujumbe wenu umemfikia akiwa kanisani, simu ikalia.

"Mwombe radhi," Tsigereda alisema. "Sista, na huyo mtoto anaitwaje?"

"Hajabatizwa bado. Nyumbani wanamwita Pagume."

"Nani alianza kumwita hivyo, baba au mama?"

"Ee, mwanangu," Sista akacheka, "nina wagonjwa hapa!"