Herufi za Bibi Hazichuruziki

Bibi huyu kusoma kwake ni kwa kuokoteza, silabi leo, silabi kesho, lakini kwa kuandika hana mpinzani. Mabango ya maduka, milango ya ofisi, mbavu za malori, kote kapita yeye na brashi yake. Ni wa mkono wa kushoto, basi huanza na herufi ya mwisho akirudi hadi ya kwanza, kiganja kisije kikafuta alichokwisha kuandika. Fundi aliyemfunza alimcheka mwaka mzima, kisha akanyamaza mwenyewe.

Siku moja mjukuu wake, binti anayetengeneza filamu, akaja na kompyuta kwapani.

"Bibi, filamu yangu ya kutisha imekwisha, bado maandishi ya mwanzoni tu. Jina lake, 'Chumba cha Uani', na majina ya waigizaji. Niandikie wewe. Ila herufi zichuruzike, kama damu."

"Zichuruzike?"

"Ndivyo wanavyofanya wote."

"Miaka arobaini natembea na kitambaa begani nafuta matone, leo nichuruzishe kwa makusudi? Watu waseme bibi kazeeka, rangi imemshinda?"

"Bila damu hawataogopa, Bibi. Basi nitatumia herufi za kompyuta."

"Tumia. Si ndiyo iliyokulea."

Mjukuu akacheka, lakini bibi moyo ulimchoma. Mabango siku hizi yanachapwa kwa mashine. Mwaka wa pili huu hakuna aliyemwita. Akiikosa kazi hii, brashi ndiyo basi tena. Na kubembeleza, thubutu. Asubuhi akapaka ubao rangi nyeusi, ulipokauka akamwita mjukuu.

"Lete kamera. Usipopenda, katafute damu yako."

Akaandika jina la filamu, kisha majina ya waigizaji, kwa rangi nyeupe, herufi nene, zimenyooka kama askari wa gwaride, hakuna tone. Mjukuu alirekodi mwanzo hadi mwisho, kwa heshima tu, maana alikwisha kuamua kutumia za kompyuta. Kamera aliisogeza karibu mno, ikashika ncha ya brashi peke yake.

Alipoitazama picha, akairudisha mwanzo akaitazama tena. Herufi I ilitokea ukingoni mwa weusi, peke yake. Kisha N, kushoto kwake. Maneno yalikuja kinyumenyume, hujui yatakuwa nini mpaka yamekufikia.

"Bibi, mwili umenisisimka."

"Na damu?"

"Achana na damu."

Filamu ikaonyeshwa mchana katika ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa mapazia, watu wanatafuna na kupiga soga. Taa zikazimwa. Herufi ya mwisho ikajitokeza, ikafuata iliyo kabla yake, na soga ikakatika kama uzi. Mama aliyeketi kando ya bibi akamkamata mkono.

"Jamani, ni kiumbe gani kinachoandika hivyo?"

"Ni mimi," akasema bibi.

Yule mama akamwachia mkono taratibu, akahamia kiti cha tatu. Bibi akaweka mkoba wake kwenye nafasi iliyobaki, akanyoosha miguu, akatulia kuyangoja majina ya waigizaji yafike, moja moja, yakianzia mwisho.