Karanga za Kumpa Mgonjwa Pole

Busunzu nzima ilinijua kama yule mtoto asiyekula karanga. Punje moja ikinipita mbogani, midomo yangu ilivimba kama maandazi yaliyozidiwa hamira, na kifua kikaanza kupiga filimbi. Kwetu mboga bila karanga ni mboga ya msiba, kwa hiyo majumbani kwa watu niliingia kusalimia tu, nikatoka kabla sufuria haijafunuliwa. Nilitamani siku moja nami nibaki.

Mama akanipeleka Kasulu, kwenye hospitali alikofanya kazi daktari mmoja mkimbizi kutoka Kongo. Alisema ataniponya kwa kunilisha karanga.

"Hizihizi, dokta?"

"Hizihizi, mama. Kidogo-kidogo, mbele ya macho yangu. Akivimba, sindano iko hapa. Lakini mutoto akikula hata moja pembeni, tunasimamisha yote, munarudi kwenu."

Basi kila asubuhi nilipewa uji wenye unga wa karanga unaokaa kwenye ncha ya kisu, kisha nesi akaketi kunitazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Polepole unga ukaongezwa.

Nyumbani, baba aliulizwa sokoni naendeleaje. Akajibu kwa ufupi wake: "Wanamtibu kwa karanga."

Ilitosha. Kwetu mgonjwa haendewi mikono mitupu, na zawadi ya maana ni ile aliyoiagiza daktari. Jumamosi wodi ikajaa vikapu: karanga za kukaanga, za kuchemsha na maganda yake, za kutwangwa na chumvi. Wenye vikapu walikuwa shangazi yangu na majirani wa kike, wote weupe kwa vumbi la lori.

Mama akapiga magoti na makofi ya salamu. Kisha, kama heshima inavyotaka, akaonja kila kikapu mbele ya aliyekileta.

"Na mtoto?" shangazi akauliza.

"Ameshiba uji, wifi."

"Uji unashibisha nani? Tumekula vumbi toka Busunzu kwa ajili yake." Akanisogezea kiganja kilichojaa. Harufu ilikuwa tamu kiasi kwamba nilikalia mikono yangu miwili.

Daktari akaingia, akasimama. "Nani amekula?"

Mama, mdomo umejaa, akajinyooshea kidole. Nesi hakuridhika, akanifungua kinywa, akachungulia hadi chini ya ulimi.

"Hajagusa," akasema.

Daktari akapumua. Akatazama kiganja cha shangazi, ambacho bado kilikuwa hewani, akatazama sindano yake mezani. "Leo ni zamu ya punje nzima. Mama, nipatie moja," akamwambia shangazi.

Shangazi akachagua iliyonenepa. Daktari akairudisha, akachukua ndogo.

Niliitafuna taratibu. Macho yote ya wodi yakatua kwenye midomo yangu, hata ya mgonjwa wa kitanda cha pili aliyesemekana hajitambui. Kivuli cha dirisha kikahama ukutani. Midomo ikabaki midomo.

"Iko muzuri," daktari akasema mwishowe. "Kesho tena."

"Kesho ngapi?" shangazi akauliza.

"Moja."

Shangazi akavitazama vikapu, akanitazama mimi, akaketi kitandani kwangu na kuvua kandambili.

"Basi wifi, nitafutie mkeka. Siondoki mpaka azimalize."