Roboti Iliyokula Betri za Redio

Juzi mwanangu aliniletea rimoti ya televisheni iliyogoma. Nilipofungua kifuniko, harufu kali ya betri zilizovuja ikanipiga puani, nikajikuta nimekaa kitako sakafuni. Mtoto akacheka. "Mama, si ni betri tu!" Nawaeleza ninyi, maana yeye bado ni mdogo.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kwetu upande wa Butere, enzi zile miwa ilipopandwa hadi mlangoni. Matrekta yalipita mchana kutwa yakivuta matela, sisi watoto nyuma yake tukichomoa miwa, na upepo ukigeuka kutoka kiwandani ulileta ule utamu wa kuungua, ukaganda hata kwenye nguo tulizoanika. Baba alikuwa fundi wa umeme huko kiwandani. Mwaka ambao shamba letu lilitoa miwa vizuri, aliniletea roboti kutoka Kisumu: ya bati, nyekundu, kimo cha chupa ya soda, unaitia ufunguo mgongoni inatembea. Wiki ya pili springi ikakatika. Jamani, nililia kama aliyefiwa! Kufiwa kwenyewe sikukujua.

Baba hakunibembeleza. Alinipa bisibisi. "Mashine ikifa haizikwi, Nafula. Fungua uone imekufia wapi."

Nikafungua. Likizo nzima niliimaliza juu ya roboti ile. Nilitoa springi, nikatia mota ndogo ya redio kaseti mbovu, nikaiunganisha na magurudumu ya ndani kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mwanzoni, nilipoijaribu kwa betri mbili kuukuu, ilichomoka mbio ikaanguka kifudifudi. Baba akanionyesha kwamba ukigeuza nyaya, mota nayo huzunguka kinyume. Basi nikakata swichi ya bati, nikaifunga kwenye spoku ya baiskeli iliyotokeza kifuani, ili roboti ikigonga ukuta, swichi igeuke nayo irudi nyuma yenyewe. Niliunguza vidole vitatu. Mama akipita na ndoo alinitazama akatikisa kichwa: "Huyu wangu mtaona, ataolewa na trekta."

Kilichobaki kilikuwa betri, maana zile kuukuu zilikuwa zimeishiwa nguvu. Betri nzima za nyumba ile zilikuwa nne, mpya, ndani ya redio, na ilikuwa mwiko kuzigusa. Kukhu, yaani bibi yangu mzaa mama, alikuwa hoi kitandani kwao Chekalini. Simu hatukuwa nayo, na barua ilichelewa, kwa hiyo mjomba alikuwa ameagiza: likitokea la kutokea, sikilizeni redio. Kila jioni, saa ya matangazo ya vifo, mama alifuta mikono kwa leso, akawasha, akasikiliza majina yote hadi la mwisho, kisha akazima na kushusha pumzi.

Sasa, mliokulia kwetu mnajua kwamba betri iliyochoka ukiianika juani hupata nguvu kidogo. Juu ya bati la jiko nilikuwa nimeanika zile mbili kuukuu. Jumamosi ile mama alipokwenda mtoni nikatoa mbili mpya kwenye redio, nikatia zile za juani. Matangazo ni robo saa tu, nilijiambia. Zitatosha.

Roboti ikatembea! Nilifunga betri mgongoni kama mtoto, nikaiweka sebuleni, watoto wa majirani wakajaa mlangoni. Ilikwenda ikitikisika, ikagonga ukuta, ikasita, ikarudi nyuma. Tulipiga kelele hadi kuku wakakimbia. Sijawahi tena kufurahi vile.

Jioni baba alikuwa zamu. Mama akawasha redio. Muziki ulilia, kisha sauti ya msomaji: "Inatangazwa kwa huzuni kifo cha Mama..." Sauti ikaanza kuzama, ikawa nyembamba kama ya mbu, ikakatika. Mama akaipiga redio kofi, mara mbili. Kimya.

Roboti ilikuwa chini ya kitanda changu, betri nzima mgongoni. Hatua kumi tu! Nilijua, na sikusema. Niliogopa kiboko, na zaidi niliogopa kunyang'anywa roboti yangu.

"Basi," mama akasema polepole, "tutasikiliza kesho."

Asubuhi kabla ya kanisa nikarudisha betri. Jioni redio ilisema vizuri kabisa, lakini tangazo letu lilikuwa limesomwa jana, mara moja tu. Jumanne akaja mtoto wa mjomba, vumbi hadi kwenye nyusi. "Shangazi, mbona hukuja? Tumemzika jana. Tulikungoja mpaka jua likaenda."

Mficha maradhi kilio humuumbua. Mama alianza kulia tangu tuliposhuka barabarani Chekalini, mikono kichwani, tukapita katikati ya mahindi hadi kwenye udongo mbichi. Kwetu binti hufika kabla mama yake hajafukiwa, amwone uso, amwambie la mwisho. Mama yangu aliuambia udongo. Wake za wajomba walimpa chakula bila kumtazama.

Tuliporudi niliitupa roboti shimoni chooni, baba nikamwambia imepotea. Mama hakuniuliza neno juu ya redio. Niliishi na kimya kile nikiamini amenijua, na kwamba hicho ndicho kiboko changu.

Nilikuja kumwambia nikiwa na watoto wawili. Alikuwa akichambua mboga za mrenda kwenye ungo. Nilisema yote: betri, juani, chini ya kitanda. Mikono yake ikasimama.

"Mambo ya betri mimi sikujua," akasema. Akasukuma ungo kando. "Redio ilipokatika, nilishukuru Mungu. Kwa jirani kulikuwa na redio, hapo tu nyuma ya ua. Sikwenda. Nilisema, wacha mama yangu awe hai mpaka kesho." Kisha akanitazama. "Wewe ulikuwa umekaa hapo. Nilikuwa nafikirianga uliniona. Nikangoja siku utaniuliza."

Kumbe miaka yote ile tulikuwa tukiogopana! Nilidhani mtu mzima hukaa kimya kwa kuwa amekuhukumu. Sikujua kwamba mama naye aweza kumwogopa mtoto wake. Nilitaka kumwambia halikuwa kosa lake, naye nadhani alitaka kuniambia hivyo hivyo. Hakuna aliyeweza. Lilikuwa kosa lake, na lilikuwa langu, na kukhu alizikwa bila sisi.