Shati la Alhamisi

Simu ilikuwa juu ya meza ya cherehani, kati ya mkasi na kopo la vifungo, na Mama Fundi alikuwa ameikodolea macho tangu majirani wazime taa. Sista wa kliniki ya ini alikuwa ameahidi kupiga. "Nikisikia lolote, wewe ndiye wa kwanza," alimwambia, na Mama Fundi alimwamini, kwa kuwa sista yule hakuwa mtu wa ahadi nyingi.

"Wifi, utaitoboa hiyo simu kwa macho," dada wa mumewe alisema kutoka kitandani. "Lala. Habari mbaya haipotei njia."

"Lala wewe. Mimi nitalala nikifa."

"Ukifa gauni langu atalimaliza nani? Limezeeka ndani ya mfuko kabla sijalivaa."

Mama Fundi alicheka kidogo, kicheko kilichoishia puani. Nyuma ya pazia binti yake Kabibi aligeuka, godoro likalia. Jina hilo la Kabibi alipewa na wifi, kwa sababu mtoto alianza kusema akasema kama mtu mzima, hana haraka na hana utani. Sasa alikuwa darasa la tatu, na bado alikuwa hivyo.

Alizaliwa na njia za nyongo zimeziba. Macho yalikuwa ya manjano, choo cheupe kama chokaa. Watu walimwambia mama yake amtoe juani asubuhi, naye akamtoa, akamwanika kila siku kama mahindi, akingoja manjano yaishe. Walipomfikia daktari bingwa, ini lilikuwa limeshaanza kukakamaa. Upasuaji ulimwacha hai, lakini ini lilibaki na makovu yake. Mikono ikawa miembamba, tumbo likajaa maji. Mara mbili alitapika damu, beseni zima, na mara zote mbili Daktari alimpitishia bomba mdomoni akaifunga mishipa iliyofura kooni. Wakati wa kuifunga tena ulikuwa umekaribia. Daktari mwingine wa kuwafanyia watoto kazi hiyo hakuwepo, labda mtu apande ndege, na Mama Fundi ndege alikuwa akiiona ikipita tu.

Kliniki ilikuwa ikifunguliwa kila Alhamisi, na iliishi kwa fedha za utafiti. Wafadhili walitaka kujua kwa nini maini ya watoto wengine hukakamaa upesi kuliko ya wenzao. Ndani ya fedha hizo hizo ndimo mlimokuwa na dawa, bomba, sista, na Daktari mwenyewe. Sasa muda wa fedha ulikuwa unakwisha, na wageni walikuwa wamekuja kutazama kama inafaa kuendelea.

Nao kina mama wakafanya walichofundishwa na mama zao: mgeni akija, nyumba hufagiliwa. Watoto walioshwa wakapakwa mafuta wakang'aa. Wakavalishwa mashati ya Mama Fundi.

Mashati hayo yalikuwa na asili yake. Siku moja Kabibi alirudi shuleni amenuna, akasema, "Wameniuliza nitajifungua lini." Mama Fundi alikata kitambaa usiku huo huo. Kifuani aliweka kipande kilichonyooka, chini yake akaficha marinda kwa ndani, shati likaanguka wima kama pazia na kulimeza tumbo lote. Kina mama wengine walipoliona, kila mmoja akaja na kitambaa chake. Watoto wenyewe waliliita shati la Alhamisi, kwa kuwa walilivaa siku ya kliniki.

Basi mchana wa siku hiyo wageni walipoingia, Kabibi alisimama mbele ya wenzake akasema, "Karibuni. Poleni na safari." Wageni wakacheka kwa furaha, mmoja akapiga picha. Mama Fundi, kwenye benchi, alijiona mrefu.

Simu ililia. Aliidaka kabla haijalia mara ya pili.

"Mama Fundi, sijui nianzie wapi."

"Anzia mwisho, sista."

Sista alivuta pumzi. "Wamesema watoto wanaonekana wazima. Wanauliza bingwa ni wa nini, wakati daktari wa kawaida anaweza kuwaangalia. Asubuhi wanakaa na wakuu wa hospitali, kisha wanaondoka."

"Daktari hakuwaonyesha vipimo?"

"Kawaonyesha mpaka sauti imemkauka. Lakini wao wameshaona kwa macho yao. Mmewapendezesha watoto, mama. Mmewapendezesha mpaka imetuponza."

Alipoweka simu chini, wifi alikuwa ameshaketi. "Usilie," alisema.

"Silii. Nimechoka kulia."

"Basi mpeleke asubuhi. Mvue shati mbele yao, walione hilo tumbo, wakose usingizi na wao."

"Sivui," sauti ilisema nyuma ya pazia.

Mama Fundi alisogeza pazia. Kabibi alikuwa macho wazi, shuka limevutwa hadi kidevuni.

"Hakuna atakayekuvua, Bibi yangu. Nimesema hakuna. Lala."

Shati lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Aliliangalia muda mrefu kama mtu anayemwangalia ndugu aliyemsaliti. Kisha akalishusha, akaligeuza ndani nje, akachukua wembe na kuanza kufumua marinda, moja baada ya jingine.

Asubuhi yeye na Kabibi walimkuta Daktari kwenye ujia wa ofisi, koti jeupe mkononi, macho mekundu kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi. Mama Fundi alimpa shati.

"Liweke mezani kwao, Daktari. Mabega haya ni ya mtoto ambaye hajaanza shule. Hapa tumboni ninaenea mimi. Nguo ni moja na mtoto ni mmoja. Waambie aliyeficha ni mimi, si wewe."

Daktari alilipokea shati kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto aliyelala, akaingia nalo. Mlango ukafungwa.

Waliketi kwenye benchi. Kabibi alikuwa amevaa sweta la shule, na joto lilikuwa limeshaanza.

"Mama, wakikataa?"

"Tutakuja Alhamisi."

"Na wakifunga kliniki?"

"Tutakaa nje mpaka watuzoee."

Kabibi alilifikiria hilo. "Wifi yako atakuja na gauni lake ulimalizie hapa hapa."

"Huyo hakosi."

Ndani sauti zilipanda, zikashuka. Kiti kiliburutwa. Kisha kukawa kimya, kimya cha namna ambayo Mama Fundi aliifahamu kutoka vyumba vya upasuaji, na mikono yake ikaanza kutafuta sindano isiyokuwepo.

Mlango ulifunguka kidogo. Alitokea mmoja wa wageni wa jana, mama mtu mzima, miwani ameipandisha kichwani. Shati lilikuwa mikononi mwake, limetandazwa.

"Samahani," alisema. "Mwenye shati hili ni nani?"

Mama Fundi alitaka kujibu, lakini Kabibi alikuwa ameshasimama.

"Mimi. Ukimaliza kulitazama naomba unirudishie. Huwa nalivaa Alhamisi."

Mgeni alitazama mabega ya shati, akatazama mabega ya mtoto. Macho yake hayakushuka kwenye tumbo, na Mama Fundi aliliona hilo. Kisha yule mama akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, akaushikilia.

"Ingieni," alisema. "Wewe na mama yako. Njooni mtueleze hiyo Alhamisi."

Kabibi alimshika mama yake mkono, akamwinua, akatangulia kuingia.