Mtu Aliyeniomba Nzi Mtoni Vaal

Haya sikusimuliwa na mtu, wala sikuyaota. Yalinipata mimi mwenyewe nikiwa macho, saa tisa alasiri, jua la Oktoba likiwaka mpaka mawe ya mtoni yakachoma nyayo. Nalitaja jua mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huniuliza kama kulikuwa na giza, au ukungu, au kama nilikuwa nimechoka. Hapana. Niliona vizuri kama ninavyoiona mikono yangu hii. Ukitaka kuniamini, niamini. Usipotaka, nisikilize tu hadi mwisho, maana huenda nawe una mtu wako anayependa maji.

Kwanza ujue nilifikaje mtoni, maana mwanamke wa Kenya anayeishi chumba kimoja mtaa wa Bellevue, Johannesburg, hana kawaida ya kwenda kuvua samaki na wazungu. Kazi yangu ilikuwa kufunga nzi. Si hawa wa jalalani, bali wale wa bandia: ndoano ndogo unayoivisha manyoya na uzi mpaka samaki aione ni mdudu. Nilijifunza Nairobi nikiwa msichana, kwenye karakana ya wanawake watupu. Tulifunga nzi kutwa, wakapelekwa nchi za mbali kwa watu wanaovua kwa kujifurahisha. Miaka sita nilifanya kazi ile na sikuwahi kumwona hata samaki mmoja akimdaka nzi wangu. Nilipokuja Johannesburg kumfuata mume wangu, nikapata kazi ileile katika duka dogo la vifaa vya uvuvi, upande wa kaskazini wa jiji. Mwenye duka alikuwa mzee mzungu wa Kiafrikana, nitamwita Mzee Deon. Alinipa meza karibu na dirisha, jiliwa dogo la kubania ndoano, na droo iliyojaa manyoya ya sungura na ya shingo za majogoo.

Mzee Deon ndiye aliyesema ni aibu mtu anayefunga nzi wazuri namna ile asijue raha yao. Baridi ya mwaka 2016 akatuchukua kwenye bakkie, pikapu yake kuukuu, mimi na mume wangu, Baba Neema, hadi bwawa moja nje ya jiji lenye samaki wa trauti, wale wanaopenda maji ya baridi. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu. Vidole vilikufa ganzi. Asubuhi nzima mshipi wangu ulininasa kofia, ukanasa miti, ukanasa kila kitu isipokuwa samaki. Halafu, sijui nilifanyaje, mkono ukatulia, mshipi ukajikunjua hewani taratibu kama kitambaa kinachotandikwa mezani, na nzi wangu akatua juu ya maji bila kutikisa chochote. Maji yakafunguka, akachukuliwa. Aisee, nitakuelezaje? Ufito wa kuvulia unapinda, na mkononi unahisi uhai wa kiumbe usichokiona. Nilipomfikisha samaki karibu, madoadoa yake na ule mstari wa waridi ubavuni vilinifanya nicheke peke yangu. Nilimwachia arudi. Wengi wanaovua kwa nzi humwachia samaki, na kuachia kwenyewe ni nusu ya raha.

Lakini aliyenogewa hasa ni Baba Neema. Mume wangu ni Mkongo wa Lubumbashi. Alikuwa mlinzi wa geti kwenye nyumba za matajiri, saa kumi na mbili kwa siku akifungulia magari ya watu wasiojua jina lake. Nyumbani alikuwa hasemi. Anakula, analala, anaondoka. Kumbe mtu yule alihitaji tu kusimama ndani ya maji. Alijifunza kurusha mshipi haraka kuliko mimi, na siku za kurudi kutoka kuvua alikuwa akiongea njia nzima, mpaka binti yetu Neema, ambaye Kizulu chake ni kizuri kuliko Kiswahili chake, akawa anamwomba amsimulie samaki badala ya kuwasha televisheni. Joto lilipoingia tukaacha trauti, tukahamia Mto Vaal kwa wale samaki wenye magamba ya dhahabu, wanaoishi kwenye maji yaendayo kasi. Wale unawafuata. Unaingia mtoni mpaka magotini, mto unakusukuma kama umati wa watu, na ukimnasa mmoja anakukimbiza.

Basi, Oktoba ya mwaka 2017, Jumapili, tulikuwa huko watatu. Mzee Deon alipanda juu ya mto, akapotelea nyuma ya kona yenye miti. Baba Neema alikuwa majini, maji ya magoti, hatua kama kumi na tano kutoka kwangu. Mimi nilikaa juu ya jiwe, kisanduku changu cha nzi kikiwa wazi mapajani, nikichagua.

Nilipoinua macho, kulikuwa na mtu mtoni. Sikumwona akija. Alisimama mbele yangu kidogo, mweusi kama sisi, wa makamo, amevaa shati jeupe la mikono mirefu lililopigwa pasi. Alishika ufito, na alivyokuwa akirusha mshipi, niamini, sijawahi kuona mkono wa namna ile. Ulipita hewani bila sauti. Akanisalimu kwa Kiswahili, na si Kiswahili chochote tu. Kilikuwa cha kwetu Nairobi, kama cha jirani niliyekua naye. Hapa Johannesburg ukisikia mtu wa kwenu, moyo unakimbia mbele yako. Sikujiuliza katokea wapi. Wewe ungejiuliza?

Akauliza kama nzi wale nimefunga mwenyewe. Nikasema ndiyo.

"Nimeona kazi ya mikono mingi, mama," akasema. "Hii yako inapumua. Nipe mmoja."

Sasa elewa, nimefunga nzi tangu usichana. Wanunuzi husifu samaki, husifu ufito, husifu mto. Aliyefunga nzi hakuna anayemtaja. Mtu yule alinisifu, nami nikamchagulia aliye bora kuliko wote, wa manyoya ya sungura na unyoya mmoja wa jogoo wa rangi ya tangawizi, kichwa nimekimalizia kwa uzi mwekundu. Uzi mwekundu ulikuwa alama yangu. Nikaingia majini hatua mbili, nikamwekea kiganjani. Kiganja kilikuwa kikavu. Mtu anayevua mtoni, kiganja kikavu kama karatasi.

Akashukuru, akageuka. Hapo ndipo nilipotazama chini. Mto ulikuwa na nguvu siku ile. Kwenye miguu ya Baba Neema maji yalipasuka, yakafanya povu na kupiga kelele. Kwenye miguu ya yule mtu maji yalipita kama hakuna kitu.

Nilitaka kuita. Jina lilikuwa mdomoni tayari. Halikutoka. Nikataka kumkimbilia mume wangu, na miguu ikabaki pale ilipokuwa. Usifikiri nilizimia au niliganda kwa woga. Woga naujua; nimewahi kukimbizwa na watu wenye mapanga katika mji huu, na miguu ilinibeba vizuri sana. Hii ilikuwa kama mwili umechukuliwa na mtu mwingine, mimi nikaachiwa macho.

Yule mtu akarusha mshipi. Ulikwenda polepole, ukajikunjua juu ya mto, ukatua usoni mwa mume wangu kama unavyotua unywele. Baba Neema akageuka kumtazama, akatabasamu. Tabasamu lile niliwahi kuliona mara moja tu, siku alipopewa Neema hospitalini ambebe. Kisha akaanza kutembea.

Magoti. Mapaja. Mkanda. Ufito wake ukamtoka mkononi ukachukuliwa na maji, wala hakuutazama. Yule mtu hakumvuta kwa nguvu. Alivuta kidogo, akalegeza, akangoja, akavuta tena, jinsi mvuvi mzuri anavyofanya na samaki mkubwa ili asimkatie mshipi. Mimi nilikuwa nimesimama na kisanduku wazi mkononi. Machozi yalinitoka, hilo tu ndilo mwili uliloniruhusu. Maji yalipofika kifuani kwake niliomba dua zote ninazozijua, za kanisani na nyingine ambazo nilizisikia tu kwa majirani Waislamu. Yalipofika kidevuni, mume wangu akanigeuzia uso. Alikuwa na furaha kama mtoto.

"Mama Neema," akasema, "huku maji iko vuguvugu."

Kichwa kikazama.

Aliyemwokoa ni Mzee Deon. Alitokea kwenye kona akashuka mbio, mzee wa umri ule, akajitupa mtoni na viatu vyake, akamkamata kwenye ukosi wa shati. Nilimwona akihangaika kumkokota, akinipigia kelele nimsaidie, nami sikuweza hata kunyoosha mkono. Na yule mtu wa shati jeupe? Alinitazama. Hakukasirika. Alishusha ufito kama mtu ambaye mshipi umekatika na anajua samaki bado yumo mtoni. Nikapepesa macho, hakuwapo.

Mume wangu alipolazwa juu ya mawe akitapika maji, ndipo mwili uliponirudia. Nikamtambalia. Pembeni mwa mdomo wake, upande wa kushoto, kulikuwa na ndoano yenye manyoya ya sungura na uzi mwekundu. Niliitoa mimi, kwa vidole hivi. Haikutoka damu.

Mzee Deon hakuona mtu mwingine yeyote. Alichokiona ni mwanamume akitembea kuzama na mke wake amesimama anamtazama. Alipotushusha mbele ya nyumba Bellevue, aliniuliza jambo moja tu, kwa upole, ambao uliniuma kuliko matusi: kwa nini nilisimama tu. Niliacha kazi wiki ile kabla hajaniambia niondoke.

Nilidhani Baba Neema naye ataniuliza. Hakuniuliza. Ananikumbuka pale ukingoni, anasema, na haoni kosa langu. Kwake ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Yule mtu anamkumbuka pia, ila yeye alimsikia akisema Kiswahili cha Lubumbashi, kwa sauti ya mjomba wake. Tulikuwa majini pamoja, aliyesema nasi ni mtu yuleyule mmoja, na kila mmoja wetu akasikia lugha ya kwao.

Nilimpeleka kanisani kwa Wakongo wenzake, wakamwombea siku tatu. Aliitikia amina zote. Kliniki walikitazama kile kidonda cha mdomoni, wakatupa marhamu. Hakitungi usaha, hakimuumi, na hakifungi. Kipo hadi leo. Halafu ikaanza hii: tumekaa tunakula, anaongea vizuri, mara kichwa chake kinavutwa upande wa kushoto, kidogo tu, kama mtu aliyeguswa. Anasikiliza. Anainuka kutoka mezani bila kumaliza chakula, na nikimfuata namkuta amesimama mlangoni, ameelekea kusini, uliko mto.

Mwaka jana alipata kazi ya ulinzi kwenye kambi ya wavuvi, ukingoni mwa mto uleule. Nililia, nikamshika nguo, nikampigia simu mama yake Lubumbashi amkataze. Alinibusu kwenye paji la uso akaenda. Huja nyumbani mwisho wa mwezi. Amenenepa. Anacheka, anaimba akioga, anamchezesha binti yake, ambaye zamani hakuwa na muda naye. Majirani huniambia nimshukuru Mungu, mume amepata kazi nzuri amebadilika. Nitamwambia nani kwamba mtu anayekuja kwangu akiwa na furaha namna hii amenaswa? Nitakwenda kituo gani cha polisi, nikamshtaki nani? Neema humkimbilia barabarani, nami nabaki dirishani nikitazama upande wa kushoto wa mdomo wake.

Nzi sifungi tena. Manyoya niliyokuwa nayo niliyachoma, na jiliwa nikalitupa. Sasa nashona sare za shule kwa duka la Msomali mmoja, mtaa wa Mayfair. Mwezi uliopita Baba Neema alikaa kitandani akinitazama nikipiga cherehani, akaniambia kwa utaratibu, kama anayeleta salamu za shangazi, kwamba yule mtu anaomba nzi wengine wawili. Nikamwambia sifungi tena, sitafunga kamwe. Akatikisa kichwa, hakushangaa.

"Njo vile alisema utajibu," akaniambia. "Anasema haina shida. Atangoja."

Wawili. Nyumba yetu ina watu watatu. Hesabu mwenyewe, mimi nimeshindwa kulala.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, nenda kavue, raha ile sikukatazi, nami nilipewa ikanitosha. Lakini ukiwa kando ya maji na mpendwa wako, mgeni akakusalimu kwa lugha ya kwenu na kusifu kazi ya mikono yako, usimjibu. Mshike kwanza mtu wako mkono, umshike sana, kabla hujafungua mdomo. Ukishatoa kitu, mkono hautainuka tena.