Bega la Kombeo

Watu walimwita Mama Viungo, na wale aliowaudhi walimwita Mpelelezi. Jina la pili alilipenda zaidi, ingawa hakukiri. Kazi yake ilikuwa kunyoosha na kutibu viungo katika zahanati moja yenye vyumba vinne, na kwa miaka ishirini na miwili aliifanya kwa imani moja: mgonjwa anadanganya, aliyemleta anadanganya zaidi, na kiungo peke yake ndicho husema kweli.

Hakuzaliwa hivyo. Mwaka wake wa kwanza kazini, mcheza mpira mmoja alimwambia goti limepona. Akamwamini, akamruhusu acheze. Jumapili hiyo hiyo goti liligeuka mbele ya uwanja mzima, na kijana hakucheza tena maisha yake yote. Tangu hapo Mama Viungo akawa mtu wa kunusa maziwa yaliyonunuliwa asubuhi ile ile. Mumewe akisema anatoka kidogo, aliulizwa hicho kidogo kina dakika ngapi. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo alivyopenda kusema, na kweli alipekua nguo kwa bidii, ila zilikuwa nguo za wengine.

Basi siku moja fundi vioo akamleta binti yake wa miaka kumi na miwili. Mtoto alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya shule, yule anayesimama katikati ya uwanja na kumrushia mpira mwenye gongo. Alirusha kwa nguvu hata wenzake wakamwita Kombeo. Watani wa mtaani walisema fundi vioo amejizalia mleta kazi, maana mpira ukipotea njia ni yeye anayeitwa kuweka kioo kipya. Fundi mwenyewe aliucheka utani huo mpaka bega la mtoto lilipoanza kuuma.

Mama Viungo hakumuuliza Kombeo chochote. Aliamini kwamba kinywa cha mtoto hubeba maneno ya wakubwa, kwa hiyo wakubwa ndio wa kuhojiwa na mtoto ni wa kupimwa. Alimlaza kitandani, akamzungusha mkono wa kulia ndani na nje, kisha akaubonyeza upande wa nje, juu kabisa, karibu na bega. Kombeo akauma mdomo. Akabonyeza mkono wa kushoto pale pale, mtoto akabaki ametulia. Akaagiza mabega yote mawili yapigwe picha, moja liwe shahidi wa mwenzake.

Picha zilisema wazi. Mfupa wa mtoto huongezeka urefu kwenye mstari mwembamba ulio karibu na ncha yake. Wa kushoto ulikuwa mwembamba kama uzi. Wa kulia ulikuwa umeachana kwa kuvutwa na mirusho mingi mno. Akamweleza fundi bila kupamba: mtoto asirushe hata jiwe kwa miezi mitatu, na mfupa utatengemaa. Akiendelea kurusha, unaweza kuacha kukua pale, mkono ukabaki mfupi kuliko mwenzake. Fundi akauliza mara mbili kama amesikia vizuri. Mama Viungo akaona mtu anayeuliza mara mbili ana lake jambo.

Kocha naye alikuwepo, amesimama mlangoni na kofia mkononi. Mama Viungo akachukua karatasi ya mazoezi ya kuimarisha bega, yale ya kuvuta utepe wa mpira uliofungwa dirishani, akaandika juu yake kwa kalamu: Fuata yote. Akamtazama baba, akamtazama kocha, kisha akamwinamia mtoto.

“Mwanangu, wewe shika karatasi hii tu. Hawa wakubwa wana haraka zao. Usimsikilize kocha, wala usimsikilize baba.”

Kocha alicheka kwa haya. Fundi hakucheka.

Baada ya miezi miwili wakarudi. Kwa hesabu zote maumivu yalipaswa kuwa yamekwisha. Mama Viungo akabonyeza, Kombeo akauma mdomo vile vile. Akaushika mkono, akavigeuza vidole kwenye mwanga. Ncha za kidole cha shahada na cha kati zilikuwa na sugu ngumu, pale mshono wa mpira unaposugua. Mrushaji akipumzika miezi miwili, vidole hulainika. Hivi vilikuwa vimerusha wiki hiyo hiyo. Moyo wake ulidunda kwa hasira na, tusifichane, kwa furaha kidogo pia, maana hakuna kitu kilichomnenepesha kama kudhania ubaya akaukuta.

Akampigia simu kocha aje, akawaweka wanaume wawili vyumba mbalimbali, mithili ya polisi. Kocha alisema tangu siku ile Kombeo hukaa benchi akiandika matokeo, na timu imefungwa mechi nne mfululizo. Kama ni kudanganya, akaongeza, angalau angedanganya akashinda. Mama Viungo aliona jibu tamu kiasi hicho lilikuwa limeandaliwa. Fundi naye alisema glovu na mpira amevifungia kwenye sanduku la vifaa vyake, ufunguo ameuvaa shingoni. Akautoa akauonyesha. Akaulizwa mtu mwenye moyo safi anavaa ufunguo shingoni kwa nini.

Fundi alipotoka chumbani na kuingia kwenye ujia, wagonjwa wamejaa kwenye benchi na masikio yamewasimama, Mama Viungo alimfuata.

“Baba, umeuza mkono wa mwanao ili upigiwe makofi uwanjani.”

Fundi akakaa kwenye ncha ya benchi, mtu mzima, machozi yakamtoka mbele za watu.

Mama Viungo alirudi chumbani kuandika barua kwa mwalimu mkuu. Barua ilihitaji tarehe, na kwa ajili ya tarehe tu akamuuliza mtoto, mara ya kwanza tangu amjue, anarusha lini.

Kombeo akajibu bila kujificha. Alirusha kila baada ya siku moja, asubuhi kabla baba hajaamka, kwenye ukuta wa nyuma, kwa mpira aliouazima kwa mwenzake.

“Na nani amekutuma?”

“Ni wewe, Daktari.”

Mtoto akatoa karatasi kwenye begi, akaigeuza. Zahanati ilichapa pande zote mbili ili karatasi zisiishe upesi: mbele mazoezi ya anayepumzika, nyuma ratiba ya aliyekwisha kupona na anarudi uwanjani. Kurusha mita kumi, mara ishirini na tano. Kurusha mita ishirini, mara hamsini. Kwa kila mgonjwa mpya Mama Viungo alikuwa na desturi ya kuigeuza karatasi na kuufuta upande wa nyuma kwa mistari miwili ya kalamu. Siku ile alikuwa amewakazia macho wanaume wawili, hakuigeuza. Kila mstari ulikuwa na alama ya vema, kwa penseli, kwa mwandiko wa mtoto mtiifu.

“Haikuuma?”

“Iliuma sana. Ila ulisema nifuate yote, na nisimsikilize baba.”

Nyani haoni kundule. Mama Viungo alikaa kwenye kitanda cha wagonjwa, akaona aibu. Akaagiza picha nyingine saa ile ile. Mstari wa kulia ulikuwa umeachana kuliko mwanzo.

Angeweza kumwita baba ndani na kufunga mlango. Hakufanya hivyo. Alitoka hadi kwenye ujia ule ule, akasimama mbele ya benchi lile lile, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba amemsingizia fundi na amemsingizia kocha, kwamba aliyemtuma mtoto ni yeye, na akaeleza jinsi ilivyokuwa. Miezi mitatu ianze upya. Msimu umekwenda. Kama mkono utakua sawa na mwenzake, leo hakuna wa kuahidi.

Kombeo, aliyemfuata nje, aliwatazama wote watatu, pamoja na kocha aliyetoka kusikiliza.

“Sasa nimsikilize nani?”

“Baba yako,” alisema Mama Viungo.

Fundi akajifuta uso kwa kiganja. “Daktari, na hiyo miezi mitatu, una hakika nayo?”

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Ulimi ulikuwa tayari kumkaripia, akauzuia.

“Sina. Twende kwa daktari wa mifupa, aangalie na yeye.”

Fundi akamshika binti yake mkono wa kushoto, wakatangulia. Mama Viungo akafuata nyuma, amebeba picha.