Sifuri za Marereni

Kompyuta ya kwanza niliyoigusa ilikuwa Marereni, katika ofisi ya kiwanda cha chumvi, nami niliipenda kuliko baadhi ya wajomba zangu. Mimi ndiye niliyeiandikia programu ya kujumlisha uzito wa mizigo ya chumvi. Nilikuwa kijana, nimetoka kozi fupi Mombasa, na maringo yangu hayakuwa haba.

Aliyeuingiza uzito huo alikuwa mama mmoja wa mji wa kale wa Malindi, mpiga taipu tangu sijazaliwa. Nikimwamkia shikamoo, huitika marahaba bila kuinua macho, vidole vinakwenda tu.

Jumla za mwanzo zilikuwa kichekesho. Chumvi ya siku nzima, kilo tisa. Kesho yake, sifuri kavu. Meneja akasema mama amechoka, mwisho wa wiki ampishe mtu mwenye macho. Aliyasema hayo mama mwenyewe yupo, anasikia. Siku hiyo chai ya mama ilipoa mezani.

Nilikasirika, maana kwenye kioo nambari zilionekana sawasawa: 210, 120. Nikasimama nyuma yake nimtazame. Kumbe moja yake ilikuwa herufi l ndogo, ile ya 'lala', na sifuri yake ilikuwa O kubwa! Taipureta aliyojifunzia haikuwa na vitufe vya moja na sifuri. Wenzake wote waliandika hivyo, na karatasi haikulalamika. Lakini programu yangu ilipokea maandishi kwanza, kisha ikayageuza kuwa nambari, na ikikuta herufi hukomea hapo hapo. 2lO ikawa mbili. l2O ikawa si kitu.

Nikaongeza mstari mmoja: kila l iwe moja, kila O iwe sifuri, ndipo igeuze. Jumla zikakaa sawa, meneja akanywea. Nikamwambia mama, nimejaa furaha, kwamba asibadili chochote, mashine imeshamzoea.

Akavua miwani. "Ahsante, mwanangu. Lakini wewe hapa hukai, wewe ni wa kwenda. Atakayekuja akiufuta mstari wako, mimi nitafukuzwa tena, na wala sitajua kwa nini. Hebu nionyeshe hiyo moja iko wapi."

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo, na liliniuma. Nikavuta kiti, nikamwonyesha.